Mgonjwa Hali Peke Yake

  Kama uko jikoni usizime jiko, maana mazungumzo ya leo ni ya jikoni hasa. Kama uko ndani ya daladala na dereva amekubali kuiacha redio hapa hapa, mfikishie shukrani zangu.

Leo nazungumzia chakula cha mgonjwa. Si mgonjwa wa homa ya siku tatu. Nazungumzia mwenye ugonjwa mkubwa, ule wa miezi au wa miaka: kifua kikuu, saratani, figo, Virusi vya UKIMWI. Na zaidi namzungumzia yule ambaye hata kabla hajaugua, mlo kwake ulikuwa wa kubahatisha. Halafu nazungumzia sisi tunaotaka kumsaidia: jirani, jumuiya, msikiti, kikundi cha akina mama, mfadhili mwenye gari lenye nembo mlangoni. Nina neno moja tu, nalisema sasa na nitalirudia mpaka ulizoee: mgonjwa hali peke yake. Hali, kwa maana ya kula. Ile hali nyingine, ya kuulizwa "hali yako?", inaitegemea hii.

Nianzie nyumbani. Shangazi yangu alikuwa akikaa Mbagala, hapa Dar es Salaam, vyumba viwili vya kupanga, akiuza vitumbua asubuhi. Akaanza kukohoa. Wiki ya kwanza tukasema ni moshi wa mkaa. Ya pili tukasema ni vumbi. Kufika ya sita, gauni lake lilikuwa limening'inia mabegani kama lililotundikwa kwenye msumari. Kupimwa, kifua kikuu. Dawa akapewa bure, na muuguzi akamweleza vizuri kabisa: miezi sita bila kuruka hata siku moja, usishtuke mkojo ukigeuka rangi ya chungwa, ni dawa hiyo, na ule vizuri.

Ule vizuri. Msikilizaji, umewahi kuambiwa maneno hayo mawili? Mara nyingi husemwa mwishoni, mgonjwa akiwa ameshasimama, na anayefuata ameshaitwa. Shangazi aliyasikia siku ile ile ambayo biashara yake ilikuwa imekufa, kwa sababu nani atanunua kitumbua kwa mtu anayekohoa? Tarehe aliyoamriwa ale vizuri ndiyo tarehe pesa ya chakula ilipokatika.

Kwa bahati, mahali alipokuwa akichukua dawa palikuwa na mpango wa msaada wa lishe. Akapewa unga, mfuko wa kilo mbili, na maelekezo yake: vikombe viwili vya uji kwa siku, mfuko utakufikisha wiki mbili. Siku ya nne unga ukaisha.

Nilikuwepo asubuhi moja kati ya hizo nne, kwa hiyo najua ulikokwenda. Vikombe sita vilipangwa juu ya kimeza, hakuna viwili vilivyofanana. Kimoja cha plastiki kilichokatika mkono. Kimoja kifuniko cha chupa ya chai. Kimoja cha udongo chenye maua, hicho ni cha bibi, mama mkwe wake. Shangazi akaanza kumimina kwa mdogo kuliko wote, akapanda juu kwa umri, akaja kwa bibi, na mwisho kabisa akamimina kwenye kikombe cha bati, ambacho ni chake. Kikafika nusu. Akakwangua sufuria kwa mwiko, na ule ukoko wa chini, ambao ndio mzito, akamwongezea mtoto wa darasa la nne. Nikamwambia, shangazi, huu unga ni wako, huu ni dawa. Akanitazama, mwiko bado mkononi, akasema, "Na hawa?"

Basi. Hakuongeza neno.

Aliporudi kuchukua dawa akaulizwa imekuwaje unga wa wiki mbili uishe siku nne. Akanyamaza. Kwenye kadi yake pakaandikwa: hafuati maelekezo. Nami simlaumu sana aliyeandika. Alikuwa na fomu, na fomu ina nafasi ya jina moja.

Sasa nikuulize wewe unayenisikiliza. Wewe ungeweza? Ungekaa na vikombe vyako viwili vya uji wa maziwa, watoto wako wamekuzunguka wakikutazama koo linavyopanda na kushuka, ukanywa ukamaliza, ukafuta mdomo? Ukiniambia ungeweza nitakusikiliza, lakini sitakuamini. Hapa kwetu hata mgeni asiyejulikana akikuta watu wanakula huambiwa karibu. Leo tumtake mama akatae kumkaribisha mwanawe, kisha tukasirike akishindwa?

Tuache Mbagala kidogo, turudi nyuma miaka. Zamani, kabla dawa za kifua kikuu hazijapatikana, wagonjwa walitibiwa kwa nini? Kule Kibong'oto, Kilimanjaro, pana hospitali iliyoanza mwaka 1926 kwa ajili ya wagonjwa wa kifua. Hospitali za namna hiyo zilijengwa sehemu nyingi duniani, mara nyingi milimani, na tiba yake ilikuwa hewa safi, kitanda na chakula. Chakula kilikuwa ndani ya tiba yenyewe. Wengi walikufa pamoja na hayo, tusijidanganye. Kisha miaka ya 1940 ikaja sindano ya streptomaisini, zikafuata dawa nyingine, na ugonjwa uliokuwa hukumu ukawa ugonjwa unaopona.

Hapo pakatokea jambo ambalo naona ni vizuri ulijue. Huko India, mji wa Madras, ambao siku hizi unaitwa Chennai, watafiti waliwachukua wagonjwa maskini wakawagawa mafungu mawili. Wengine wakalazwa, wakapumzika, wakala vizuri. Wengine wakapewa dawa zile zile wakarudi majumbani mwao, kwenye msongamano na chakula chao cha shida. Mwaka 1959 matokeo yakatangazwa: waliotibiwa nyumbani walipona karibu sawasawa na waliolazwa. Ilikuwa habari njema mno, maana ilimaanisha mtu hahitaji kuacha familia yake mwaka mzima akalale mlimani. Nchi maskini zikapumua. Vitanda vikafungwa, dawa zikapelekwa kwa watu.

Lakini vitanda vilipoondoka, sahani nayo ikaondoka. Watu waliyasoma matokeo ya Madras kana kwamba yamesema chakula si kitu. Ndipo chakula kikahama kutoka kwenye orodha ya dawa kikawa nasaha ya mlangoni: na ule vizuri.

Sikiliza sasa kilichotokea miaka 60 baadaye, katika nchi ile ile. Jimbo la Jharkhand, mashariki mwa India, ni jimbo la watu maskini. Kuanzia mwaka 2019 mpaka 2022 timu iliyoongozwa na daktari Anurag Bhargava ilifuatilia wagonjwa wa kifua kikuu karibu 2,800 pamoja na watu wanaoishi nao nyumba moja, ambao walikuwa zaidi ya 10,000. Wagonjwa wote, nasema wote, walipewa chakula kila mwezi: mchele, dengu, maziwa ya unga, mafuta, jumla kilo 10, pamoja na vidonge vya vitamini. Tofauti ilikuwa hapa. Katika fungu moja chakula kiliishia kwa mgonjwa. Katika fungu la pili, kila mtu mwingine wa nyumba hiyo naye alipewa: mchele kilo 5 na dengu kilo moja na nusu kwa mwezi. Hakuna la ajabu hapo. Wali na dengu.

Nini kikatokea? Katika zile nyumba zilizolishwa wote, watu waliougua kifua kikuu baadaye walikuwa pungufu kwa asilimia 39. Kile kinachoshika mapafu hasa, ambacho ndicho kinachoambukiza, kilipungua karibu nusu. Bila sindano mpya wala mashine. Wali na dengu, msikilizaji.

Inawezekanaje? Ni hivi. Vijidudu vya kifua kikuu havimwangushi kila anayevivuta. Inakadiriwa kwamba robo ya watu wote duniani wanavyo mwilini vimelala. Vinalala kwa sababu kinga ya mwili inavilinda kama askari jela. Sasa askari asipokula, atalinda nini? Atasinzia, na mlango utafunguka. Mgonjwa akipatikana katika nyumba yenye njaa, ujue wote waliomo wamekuwa wakivuta hewa moja naye, na wote askari wao wana njaa. Nilipousoma utafiti huo nilimkumbuka bibi wa kikombe cha maua. Mwaka uliofuata baada ya shangazi kuugua, naye alianza kukohoa.

Na kwa mgonjwa mwenyewe waliona nini? Zaidi ya wanne kati ya kila watano walianza matibabu wakiwa wamekonda kupita kiasi. Waliofanikiwa kuongeza asilimia tano ya uzito katika miezi miwili ya mwanzo, hatari yao ya kufa ilikuwa chini kwa zaidi ya nusu. Asilimia tano ni nini? Mtu wa kilo 40 akiongeza kilo 2. Kilo 2 tu! Uzito wa mfuko mmoja wa unga.

Kwa hiyo narudia: mgonjwa hali peke yake, wala haugui peke yake. Ukihesabu chakula chake, hesabu vikombe vilivyo mezani.

Najua kuna anayenijibu huko aliko: wewe mtangazaji unasema rahisi, kumlisha mmoja ni kazi, utalishaje sita? Swali zuri. Tazama tena lile kapu la Jharkhand. Maziwa na mafuta walikuwa wanapewa wagonjwa. Wengine walipewa nafaka na dengu, vitu vya bei ya chini. Hiyo ni akili, kwa maoni yangu. Sufuria ya nyumba ikijaa chakula cha kawaida, mama anapata nafasi ya kukiweka kando kile chake cha nguvu bila kujiona mchawi. Sufuria ikiwa tupu, hata ungempa dhahabu ya kusaga angeigawa.

Tena hili si geni kwetu Afrika Mashariki. Eldoret, Kenya, mapema miaka ya 2000, Hospitali ya Rufaa ya Moi pamoja na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani walianza kutoa dawa za kupunguza makali ya Virusi vya UKIMWI kupitia mpango uitwao AMPATH. Mmoja wa waanzilishi, daktari Joe Mamlin, aliona watu wanameza dawa na bado hawanyanyuki. Wakiulizwa, jibu ni njaa. Umewahi kumwona mtu aliyeanza kupona? Dawa ikishika, hamu ya kula inarudi kama mbwa aliyefunguliwa, na ndani hakuna kitu. AMPATH wakaanzisha mashamba yao, likiwemo la Mosoriot, wakalima mboga, wakafuga, na chakula kikaandikwa kama dawa inavyoandikwa. Baadaye Shirika la Mpango wa Chakula Duniani likaungana nao. Kilichonivutia mimi ni kwamba kapu lilihesabiwa pamoja na wategemezi wa mgonjwa. Walikwishajua habari ya vikombe sita.

Kuna mkasa mwingine napenda kuusimulia, wa mbali, New York. Mwaka 1985, UKIMWI ukiwa bado jinamizi lisilo na dawa, mwanamke aitwaye Ganga Stone alikuwa akijitolea kuwahudumia wagonjwa wasiotarajiwa kupona. Akampelekea mgonjwa mmoja mfuko wa vyakula kutoka dukani. Akagundua kwamba yule bwana hana nguvu hata ya kusimama jikoni. Umempa mtu mfuko wa chakula asichoweza kukipika, umempa mzigo. Akaondoka, akarudi na chakula kilichopikwa. Kutokana na hapo likazaliwa shirika ambalo mpaka leo linawapikia wagonjwa wa magonjwa mengi na kuwafikishia mlangoni, na jina lake, God's Love We Deliver, maana yake ni kwamba wanachopeleka ni upendo wa Mungu.

Sasa wewe fikiria mtaa wako. Tunampelekea mgonjwa anayeishi peke yake kilo tano za maharage makavu. Nani atayachambua? Nani atayachemsha saa mbili, na mkaa ulivyopanda bei? Wakati mwingine msaada mkubwa kuliko gunia ni hotpoti moja ya maharage yaliyoiva.

Nimetaja hotpoti. Ukipita nje ya hospitali kubwa yoyote ya hapa Dar es Salaam saa za kuona wagonjwa, utaziona zinavyopishana getini, zimefungwa kanga kwa juu, na nyingine zimo ndani ya ndoo. Nchi hii wagonjwa wake wanalishwa na ndugu, hilo halina ubishi. Lakini mchukue mama aliyetoka Kigoma kuja kupigwa mionzi ya saratani. Mionzi hupigwa siku tano kwa wiki, wiki kadhaa mfululizo. Hotpoti yake itatoka wapi? Kigoma? Amekuja na binti yake wa kumuuguza, na huyo binti analala anapojua yeye. Basi ile sahani moja inayopatikana inaliwa na wawili. Mgonjwa hali peke yake hata akiwa safarini.

Na hapa niseme na wale ndugu zangu wa vikundi vinavyokwenda kutembelea wagonjwa sikukuu zikikaribia. Mnafanya vema, endeleeni. Ila muulizeni kwanza muuguzi wa wodi au afisa lishe: huyu anaweza kula nini? Maana tuna kawaida yetu: ukienda kumwona mgonjwa unabeba machungwa, ndizi mbivu, na siku hizi chupa za juisi. Aliyepigwa mionzi ya koo, kinywa kimejaa vidonda na mate yamekauka. Chungwa kwake ni kama kumtia ndimu kwenye kidonda. Yule anataka mtori laini uliopoa, uji mzito wenye maziwa, yai limevurugwa humo humo, hakuna pilipili. Tena unywaji wenyewe ni wa kijiko kijiko.

Na mgonjwa wa figo, anayesafishwa damu? Hapa nakuomba uongeze sauti ya redio. Ndizi, machungwa, parachichi, nyanya, na hasa madafu, vyote vina potasiamu nyingi. Wewe na mimi figo zetu huitoa kwa mkojo. Zake haziwezi. Ikijaa kwenye damu inaweza kuuvuruga moyo hata ukasimama. Mtu anambebea mwenzake madafu mawili kwa mapenzi yote, kumbe anambebea hatari. Msimpelekee mgonjwa wa figo chochote kabla ya kuuliza. Narudia, mgonjwa wa figo, uliza kwanza.

Jingine dogo ila zito: unga wa lishe. Pamekuwa na mtindo wa kuchanganya kila kilichopo dukani, mahindi, mtama, ulezi, soya, karanga, ngano, mchele, dagaa, kwa imani kwamba vikiwa vingi ndiyo lishe. Soya isipokaangwa vizuri inaumiza tumbo. Karanga zikikaa vibaya zinaota ukungu wenye sumukuvu, nayo sumukuvu haiondoki kwa kupikwa, na ndiyo hiyo inayojulikana kuleta saratani ya ini. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Kwa hiyo yale mahindi ya chini ya gunia, yaliyolowa, ambayo wewe mwenyewe huyataki, usiyaite sadaka.

Sasa nije kwenye jambo linaloniudhi, na mtanisamehe. Picha. Mgonjwa kakalishwa kwenye kiti cha plastiki, kashikishwa mfuko wenye nembo, watu kumi na mbili wamesimama nyuma yake wanatabasamu, yeye peke yake hatabasamu. Kesho picha iko kwenye simu za mtaa mzima. Ugonjwa aliokuwa anaujua yeye na daktari wake sasa unajulikana na muuza genge. Kuna wakati watu walikuwa wakiukimbia unga wa msaada kwa sababu mfuko wenyewe ulikuwa tangazo: ukionekana nao njiani, watu wanajua umetoka kliniki gani. Mfuko usio na maandishi unagharimu nini? Mtu wa duka la jirani kumpimia kimya kimya, nyie mkalipa mwisho wa mwezi, kunagharimu nini?

"Lakini wanauza," nasikia mwingine. "Tunawapa chakula, wanakiuza." Ndiyo, wapo. Mtu akiuza kilo moja ya maharage apate nauli ya kufuata dawa, mimi simwiti mwizi. Amekwambia kwa vitendo kwamba kapu lako lilisahau nauli.

Halafu kuna suala la muda. Sadaka zetu zina msimu: Ramadhani, Krismasi, Siku ya Wanawake. Mgonjwa anapata mifuko minne wiki moja, kisha kimya mpaka mwakani. Wakati dawa za kifua kikuu ni miezi sita, yaani wiki 26. India walianzisha mpango mwaka 2022, jina lake Ni-kshay Mitra, na mitra kwao ni rafiki: mtu yeyote, kampuni au kikundi, anaandikishwa kuwa rafiki wa mgonjwa na kumpa kapu kila mwezi kwa miezi isiyopungua sita. Mwaka 2024 serikali yao ikatangaza kapu lifike na kwa watu wa nyumbani. Sisemi tuige jina wala fomu. Mimi nimeipenda ile hesabu ya miezi.

Tulijaribu kitu cha namna hiyo kwa shangazi, bila kujua kwamba kuna wenzetu India. Baada ya ile kadi kuandikwa ilivyoandikwa, tukakaa watu saba: ndugu wanne, mke wa mwenye nyumba, mama mmoja wa jumuiya yake na kijana wa genge. Hakuna aliyekuwa na kitu. Tukanunua daftari la kurasa 40. Kila wiki mmoja anajua zamu yake, na kinacholetwa kinaandikwa. Maharage kilo mbili. Sembe kilo tano. Dagaa mafungu mawili. Kijana wa genge alikuwa akileta mchicha uliosalia jioni, naye alikataa uandikwe. Mayai na maziwa tulimpa mke wa mwenye nyumba ayatunze kwake, shangazi akawa anavuka ua saa nne asubuhi, watoto wakiwa shule, anakula yai lake huko akiwa amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Huo ulikuwa ujanja wa yule mama, si wetu.

Tulikosa wiki tatu, lazima niseme. Wiki ya tisa mwenye zamu alifiwa, ya kumi na nne tulisahau tu, na ya ishirini na moja mvua ilikata njia. Daftari ninalo. Kwenye wiki ya 26 imeandikwa sembe, mafuta nusu lita, na sabuni, sijui sabuni iliingiaje. Siku hizo shangazi alikuwa ameshaanza tena vitumbua, na asubuhi nilipokwenda kulichukua alikuwa anawamiminia uji. Vikombe vilikuwa saba, kimoja amekiongeza kwa ajili ya mtoto wa jirani ambaye mama yake amelazwa.

Fundi mitambo ananinyooshea kidole, muda umekwisha. Wiki ijayo, saa hii hii, nitakuwa na afisa lishe hapa studio, na mada ni chakula cha mgonjwa wa kisukari kwenye nyumba inayokula ugali mara mbili kwa siku. Andikeni maswali yenu mapema. Mimi nakutakia jioni njema, na kama kuna kitu jikoni, angalia kisiungue.